Mkato Kwenye Shaba

Sherifu Royce Burdett alikuwa anakula pai ya tufaha. Hilo peke yake lilitosha kumkera Glenna Skaar, maana alijua bosi wake hali pai asubuhi ila siku anapodhani kazi imekwisha.

"Kaa, Glenna," alisema Burdett, mdomo umejaa. "Kijana anasaini. Mchana yuko mbele ya jaji, anakiri, jaji anampeleka gereza la jimbo maisha yake yote. Tumemaliza."

"Anasaini nini?"

"Kwamba amemuua Orrin Lund. Kaomba kalamu mwenyewe. Sikumgusa hata unywele."

"Jana alikuwa anaapa hajakanyaga huko mferejini."

"Jana ilikuwa jana."

Glenna hakukaa. Alikuwa mpelelezi pekee wa kaunti nzima ya Harlow, kaunti ya Montana yenye ng'ombe wengi kuliko watu, na tangu Ijumaa iliyopita alikuwa hajalala usingizi wa maana. Ijumaa hiyo Orrin Lund, mfugaji, alikutwa amekufa kando ya lango la mfereji wake wa maji. Risasi moja ilimpenya kifua, ikatoka mgongoni, ikazama kwenye nguzo ya lango. Kabla jua halijatua Burdett alikuwa ameshamtia ndani Dwain Pelcher, kijana wa miaka ishirini na sita. Sababu zake zilikuwa mbili. Dwain ana bunduki ya wenzo, ile ya kushusha mkono wa chuma chini ya kifyatulio na kuupandisha ndipo risasi nyingine iingie, na ukubwa wa tundu lake ulilingana na ile risasi. Pili, Orrin alimpigia mbwa wake risasi wakati wa masika, wakatwangana ngumi baa watu wakiona.

"Nusu ya wanaume wa kaunti hii wana bunduki kama ile," alisema Glenna.

"Nusu hiyo haikuuliwa mbwa."

"Na ugomvi wa maji je? Orrin alikuwa anawafungia maji walio chini yake tangu Julai."

Burdett akacheka, makombo yakamtoka. "Mama wee, ugomvi wa maji mwezi wa nane! Ukikamata watu kwa hilo, nani atabaki wa kunipigia kura ya usherifu Novemba?"

"Ulimwonyesha nini mpaka akabadilika?"

"Picha za maabara. Ziko hapo."

Glenna akazichukua. Maabara ya jimbo iliandika kwa kuzungukazunguka kwamba haiwezi kusema risasi ilitoka bunduki ipi. Kichwa cha risasi kilikuwa cha madini ya risasi kilichopakwa shaba kwa nje, ngozi nyembamba tu ya shaba. Ngozi hiyo ilikuwa imebanduka, na alama za mtutu zikaondoka nayo. Kipande cha ngozi kilichokutwa ndani ya nguzo kilipigwa picha peke yake. Kilikuwa kimekatika duara, ukingo umenyooka, kama ganda la yai lililozungushiwa kisu.

Aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akaanza kutukana taratibu, kwa mpangilio. Burdett akaacha kutafuna.

"Nini?"

"Njoo stoo ya vielelezo. Njoo na pai yako."

Glenna mwenyewe alikuwa anajaza risasi zake nyumbani, kama watu wengi wa huko. Ganda lililotumika huoshwa, huwekewa fataki mpya kitakoni, baruti, kisha kichwa kipya, halafu mdomo wa ganda hubanwa ili kichwa kisicheze. Pale mferejini hawakukuta ganda hata moja, na hilo lilimwambia toka mwanzo kwamba muuaji ni wa kundi lake. Mtu anayejaza risasi zake haachi ganda chini, hata akiwa ameua.

Stoo, mbele ya karani wa vielelezo aliyeshuhudia na kuandika, alichukua risasi moja kati ya zile zilizokutwa kwenye bunduki ya Dwain. Akaitia kwenye nyundo yake ya kung'olea, nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu, akaigonga sakafuni mara kadhaa. Kichwa kikachomoka. Akakiweka chini ya taa.

"Unaona nini?"

"Kichwa cha risasi," alisema Burdett. "Cha shaba. Kama kile kile."

"Angalia pale mdomo wa ganda ulipobana."

Burdett akainama. "Sioni kitu."

"Ndiyo. Huoni kitu. Dwain anabana kidogo tu, ngozi inabaki nzima. Aliyemuua Orrin amebana mpaka chuma kimeikata shaba mzunguko mzima. Risasi ilipotoka, ngozi ikavuka kama soksi. Huyu hajui kubana vichwa vya shaba. Anabana kama anayebana vya madini matupu."

"Labda ile moja aliibana kwa hasira."

"Royce, ukisema hivyo mbele ya jaji, nitacheka kwa sauti. Naapa."

"Kijana amekiri!"

"Basi twende tukamuulize amekiri nini."

Burdett hakwenda. Alisema ana simu ya kupiga.

Dwain alikuwa amekaa kitandani mwa mahabusu, viwiko magotini. Kando yake kulikuwa na mkate wa nyama ndani ya karatasi, haujaguswa. Kila siku mzee Emmet Rask, aliyemlea Dwain tangu mama yake atoroke, alimletea chakula mwenyewe, na kila siku Dwain alikula mpaka makombo.

"Huna njaa leo?"

"Sina."

"Ulisimama wapi ulipompiga Orrin?"

"Pale pale. Karibu na lango."

"Alipigwa kutoka ng'ambo ya mfereji, juu kwenye kilima."

"Basi huko."

"Ulipiga ngapi?"

Dwain akainua macho, akakisia. "Mbili."

"Moja. Ulivaa viatu gani siku hiyo? Ulipitia wapi? Uliegesha wapi gari?" Glenna akapiga ukuta kwa kiganja. "Dwain! Unajua unachokifanya? Ukisaini hutatoka. Utazeeka humo ndani, utazikwa na watu usiowajua."

"Nimesema nimeua. Unataka nini tena, dada?"

"Nataka uniambie uliona nini kwenye hii picha."

Akaishikiza picha ya ngozi ya shaba kwenye vyuma vya mlango. Dwain hakuitazama. Alitazama ukuta, shingo imekaza, na macho yakamjaa maji asiyoyapangusa.

"Sijaona kitu," alisema. "Niletee kalamu."

Glenna alitoka mle hasira zikimwasha mpaka masikioni. Hakuwa na hasira na Dwain. Alikuwa na hasira na mtu ambaye Dwain angekubali kufa kwa ajili yake, na orodha ya watu hao ilikuwa fupi mno. Lakini fikra si ushahidi, na njia ya kwenda kwa huyo mtu ilipitia duka la Tarkel.

Bo Tarkel aliuza chambo, buti, mafuta ya trekta na vifaa vya kujaza risasi. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, na alipomwona Glenna akainua mikono juu kwa mzaha.

"Sijaua mtu, afande."

"Bado. Bo, nani ananunua kwako vichwa vya shaba vya ukubwa huu?"

"Vya bunduki ya wenzo? Wachache. Watu wa hapa wabishi, wanayeyusha wenyewe kwenye sufuria kama babu zao. Dwain ananunua. Marehemu Orrin alikuwa ananunua."

Glenna akaegemea kaunta. "Orrin? Alikuwa anajaza mwenyewe?"

"Hakujua hata kubana. Alikuwa ananiletea nimfanyie. Mashine yangu ile pale."

Hapo Glenna alisita. Kama Bo alijaza risasi za Orrin, na Orrin alipigwa kwa risasi yake mwenyewe, basi mambo yote yanageuka. Akadai aione. Bo akatoa boksi chini ya kaunta, risasi ambazo Orrin hakuwahi kuja kuzichukua. Glenna akang'oa moja kwa nyundo ya duka, pale pale kwenye kaunta. Ngozi ilikuwa safi, haina hata mchubuko.

"Umeridhika?" aliuliza Bo, sasa hana mzaha.

"Nani mwingine?"

"Mwingine ni Emmet Rask, tangu mwezi wa tano. Unaamini? Emmet! Alikuwa anasema atazikwa na sufuria yake ya kuyeyushia. Lakini daktari kampima damu, kakuta imejaa sumu ya madini ya risasi. Kamwambia, mzee, chagua, sufuria au figo. Akaja hapa amenuna kama mke aliyeachwa. Nikampa vya shaba, nikamwambia, Emmet, hivi havibanwi kama vile vyako vya zamani. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Kwamba alikuwa anabana risasi mimi bado naharisha kwenye nepi."

Mazoea yana taabu. Glenna alilipia nyundo mpya ya kung'olea, maana ile yake ilikuwa imebaki kwenye vielelezo, akaondoka.

Shamba la Emmet lilikuwa chini ya shamba la Orrin, kwenye mfereji ule ule. Mtu hakuhitaji kuambiwa chochote. Juu ya lango majani ya Orrin yalikuwa ya kijani na marefu. Chini ya lango majani ya Emmet yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya kadibodi, na ng'ombe wake walisimama uani wakimtazama kila apitaye. Mzee mwenyewe alikuwa ghalani, mikono imejaa grisi. Alikuwa mrefu, mkavu, masharubu meupe, mtu ambaye kaunti nzima ilimvulia kofia.

"Glenna, binti yangu. Kijana hajambo?"

"Hajala leo."

"Ah." Akajifuta mikono. "Atakula. Wanamwachia lini? Burdett hana kitu, kila mtu anajua."

"Mzee, nimekuja kuomba msaada. Maabara wamenichanganya na mambo ya kujaza risasi. Nataka nimwone mtu anayejua akijaza moja mbele yangu. Kama hutaki, sema tu, nitaenda kwa mwingine."

Emmet akatabasamu. Hakuna mzee wa Harlow anayekataa ombi kama hilo, na Glenna alijua, na alijichukia kidogo kwa kulijua. Wakaenda kwenye meza nene iliyofungiwa mashine ya kushindilia. Emmet akavaa miwani. Akaweka fataki, akapima baruti, akasimamisha kichwa cha shaba mdomoni mwa ganda. Kazi yake ilikuwa nadhifu, haina papara. Kisha akashusha mkono wa mashine, na alipofika mwisho hakuacha. Akaulalia kwa uzito wake wote, bega na kifua, mpaka meza ikalia.

"Mbona unaikandamiza hivyo?"

"Hii ni ya bunduki ya wenzo, mama. Risasi zinapangana kwenye mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kila ukipiga, zinagongana. Usipobana, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda, na siku hiyo bunduki inakupasukia usoni. Baba yangu alinifundisha, bana mpaka meza ilie."

"Dwain anabana hivyo?"

"Dwain!" Mzee akacheka, kwa upendo kabisa. "Alinisimamia hapo hapo ulipo, ananiambia Babu unabana mno, unaikata ngozi. Nikamwambia akafundishe kuku kutaga."

Glenna akachukua risasi ile ingali na joto la mkono wa mzee. Akaitia kwenye nyundo, akagonga kwenye sakafu ya saruji. Kichwa kikachomoka. Akakiweka mezani, kikabiringika kidogo, kikatulia. Mkato ulikuwa umezunguka shaba yote, mwembamba, umenyooka, na chini yake madini ya kijivu yalikuwa yanaonekana. Kando yake akaweka picha ya maabara.

Emmet alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatazama kichwa, akatazama picha. Ilikuwa wazi kwamba hakuwahi kuuona ule mkato maishani mwake. Alikuwa hajawahi kung'oa risasi yake hata moja, kwa sababu hakuwahi kudhani amekosea.

"Watu wengi wanabana hivi," alisema hatimaye.

"Wengi, ndiyo. Wote wanatumia madini matupu. Wanaotumia shaba ni watatu. Mmoja amekufa, mmoja yuko mahabusu na risasi zake safi. Mzee Emmet, huwajibiki kunijibu. Una haki ya kukaa kimya, una haki ya wakili, na utakachosema nitakipeleka mahakamani." Akamsomea zote, neno kwa neno. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na sina la kusema. Hiyo ni shaba tu."

"Sawa. Basi mimi niseme. Ijumaa nilikuuliza Dwain alikuwa wapi asubuhi. Ukasema hukumwona, ulikuwa ghalani. Trela yake ile pale, mlango unatazamana na ghala! Ungesema neno moja tu, alikuwa amelala, angekuwa nje siku hiyo hiyo."

"Nilijua watamwachia. Hawana ushahidi."

"Ushahidi wanao sasa. Jana usiku Burdett alimwonyesha hii picha. Dwain akaitazama. Asubuhi ya leo kaomba kalamu akiri."

Emmet hakuelewa mara moja. Glenna alimwona akilitafuta lile jambo, akilipata, na uso wake ukamshuka wote kwa pamoja.

"Akiri nini?"

"Kwamba kaua. Hajui risasi zilikuwa ngapi, hajui zilitoka upande gani, lakini anajua mkono uliobana hivi ni wa nani. Alikuonya hapo hapo niliposimama. Mchana huu anakwenda kufungwa maisha, mzee, kwa ajili yako, na wewe umekaa hapa unapaka trekta grisi na kusema atakula!"

Mzee akaketi juu ya ndoo. Mikono yake ilishika magoti, ikaachia, ikashika tena.

"Orrin alicheka," alisema. "Siku zote nilimwomba kistaarabu. Nilikwenda na kofia mkononi. Ijumaa nilikwenda na bunduki, nikakaa kilimani, nilitaka nimwone tu akifungua. Akaja, akalikaza lango kwa mnyororo mpya, akatazama huku kwenye majani yangu, akacheka peke yake. Ng'ombe wangu wanalia kiu, yeye anacheka." Akatazama nje, upande wa mfereji. "Sikupanga. Kisha waliposema Dwain, nikasema moyoni, kijana hana hatia, hatia haitamshika. Ningojee kidogo. Kila siku nikasema, kesho."

"Na kila siku ukampelekea mkate."

"Ndiyo."

"Ukamtazama machoni."

Glenna alitaka kumpiga. Alitoa pingu, na mzee akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.

Walifika mjini jaji akiwa bado anakula chakula cha mchana. Burdett alisikiliza maungamo ya Emmet amesimama, akawa mwekundu, akawa mweupe, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Emmet Rask ana marafiki wengi Harlow na Dwain hana hata mmoja. Glenna akamwambia arudie maneno hayo mbele ya karani. Hakuyarudia. Akafungua mahabusu mwenyewe, funguo zikimponyoka.

"Toka," alimwambia Dwain. "Uko huru."

Dwain hakutoka. Alimtazama Glenna. "Umefanya nini?"

"Kazi yangu."

"Nani alikutuma?" Alisimama, ngumi zimekunjwa, sauti ikapanda. "Nani alikuomba? Ana miaka sabini na nne! Figo zake zimekufa! Mimi ningeweza kukaa humo, yeye hawezi!"

"Dwain, toka nje."

Alitoka, na hapo ukumbini akamkuta Emmet kati ya askari wawili, kofia imevuliwa. Wakasimama wakitazamana. Askari walirudi nyuma hatua, bila kuambiwa.

"Mwanangu," alisema Emmet. "Nilikuwa nije. Naapa nilikuwa nije niseme."

"Lini?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Nilipoiona ile picha nilijua saa ileile," alisema Dwain. Hakupiga kelele tena, na ilikuwa vibaya zaidi. "Nikasema, Babu hajui kuwa najua. Akija leo nitamwona usoni, ataniambia. Ukaja asubuhi. Ukaniuliza kama blanketi inatosha."

"Niliogopa."

"Ungeniomba, Babu. Hilo tu. Ungeniambia, Dwain, nimeua, nibebee. Ningekubali. Hata kabla hujamaliza kusema, ningekubali." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Lakini hukuniomba. Uliniacha tu."

Akampita bila kumgusa. Emmet alimwita mara moja, kisha mara ya pili kwa jina la utotoni ambalo Glenna hakuwahi kulisikia. Dwain alisukuma mlango, akateremka ngazi, na alipofika barabarani akashika njia ya kusini, siyo ile ya kwenda shambani.